Shoga, chupa zako narudisha

Tanga, Jumapili jioni

Zuhura shoga yangu,

Asalaam aleikum. Sisi wazima, watoto wazima, Mzee Bakari bado anakohoa na bado anavuta, Mwajuma kasema nikusalimu sana. Salamu nyingine tutamaliziana kwenye simu, leo nina neno.

Kifurushi kimefika. Yule kijana wa ofisi ya mabasi kanidai hela ya kulaza mzigo, nikamlipa huku namsema. Kufungua, chupa tatu za dawa ya kumbukumbu ya Mama, karatasi yenye picha ya kichwa kinachotoa miale, na bei. Laki na ishirini chupa moja! Hata aliyesahau jina lake, deni hilo atalikumbuka.

Najua umetuma kwa mapenzi. Najua pia umeingia kwenye ile biashara ya kina Rehema, na kwamba ukiuza kiasi fulani unapandishwa ngazi. Sina ugomvi na hilo, kila mtu na riziki yake. Ila zote tatu nazirudisha na basi la Jumatano, hazijafunguliwa, na nikueleze kwa nini usije ukanuna.

Mama alianza kidogo kidogo. Anauliza jambo, unamjibu, chai haijapoa anauliza tena. Funguo tukazikuta kwenye ndoo ya mchele. Chumvi akawa anatia mara mbili, yeye aliyekuwa akitufundisha sisi kupika. Kila mtu akasema ni uzee. Shemeji yako akasema ni uzee. Jirani, na unamjua jirani yupi, akasema kuna mtu kamchezea. Sasa kama ni uzee, mbona Bibi wa Chumbageni anakudai mpaka hela ya mkaa ya mwaka juzi? Kule Hai, Kilimanjaro, watafiti walishawapima wazee wa miaka 70 na kuendelea, wakakuta wenye ugonjwa wa kusahau ni kama 6 katika kila 100. Hao 94 waliobaki nao si wazee?

Kilichotufikisha hospitali ni miguu. Alikuwa analalamika usiku inawaka moto, vidole vina ganzi, na ulimi umekuwa mwekundu, laini, unamuuma akila pilipili. Daktari tuliyemkuta binti mdogo hivi, mpole. Kabla ya lolote akaomba mfuko wa dawa, akawa anatoa pakiti mojamoja. Alipofika kwenye metformin akauliza, hii ameanza lini? Nikamwambia tangu alipogundulika na sukari, Salma wako hajaolewa. Akasema dawa ni nzuri na asithubutu kuiacha, ila mtu akiitumia miaka mingi mwili unaweza kupunguza kunyonya vitamini B12. Zile omeprazole za tumbo anazozimeza Mama kama karanga nazo zinachangia. Na B12 ikipungua sana, mishipa ya fahamu inaumia, miguuni mpaka kichwani.

Halafu akauliza: anakula nini?

Shoga, hapo ndipo nilipoishiwa maneno. Hiyo B12 huipati kwenye mboga wala nafaka wala maharage. Iko kwenye samaki, nyama, maini, mayai, maziwa. Na Mama tangu meno yamtoke na mwiba umkwame siku ya harusi ya Asha, samaki hagusi. Nyama haitafuniki. Asubuhi chai ya rangi na mkate, mchana wali na mchicha, usiku chai na mkate tena. Ukimkaribisha mbele za watu anasema ameshiba.

Damu ikapimwa, B12 ikakutwa chini kabisa. Tezi ya shingo nayo ikapimwa, maana kumbe ikilegea na yenyewe inaleta usahaulifu, ikawa salama. Presha ndiyo ilikuwa juu. Sindano akachomwa kwa kufuatana, sasa anachomwa mojamoja.

Nisikudanganye, hajarudi kuwa yule Mama wa zamani. Miguu imetulia, ulimi umepona, siku nyingi anasali bila kuniuliza hii rakaa ya ngapi. Lakini juzi kaniuliza tena kama Hamisi amesharudi kutoka Pemba. Nikamwambia bado. Unafikiri ningemwambia nini? Daktari kanieleza kwamba kinachotokana na B12 kinaweza kurudi kikiwahiwa, ila presha ya miaka yote hiyo imeharibu vimishipa vya damu kwenye ubongo, na hivyo hakuna sindano ya kuvirudisha.

Sasa chupa zako. Nyuma pameandikwa ginkgo, ile dawa ya majani ya mti wa Kichina. Wamarekani walishaijaribu hiyo kwa wazee zaidi ya 3,000 wa miaka 75 na kuendelea, wengine wakapewa ginkgo mara mbili kwa siku, wengine vidonge visivyo na kitu, wakafuatiliwa kama miaka sita. Majibu yakatoka 2008: waliomeza ginkgo waliugua ugonjwa wa kusahau sawa na wenzao. Halafu Mama anatumia aspirini ndogo kwa ajili ya moyo, na ginkgo ikikutana na aspirini, mtu anaweza kuwa hatarini kuvuja damu. Karatasi yenu mbona hilo haisemi? Waulize wakubwa zako.

Hela ya chupa hizo naipeleka Deep Sea kwa wavuvi, nanunua vibua. Nawachemsha na ndimu na tangawizi, nakaa na sinia dirishani penye mwanga, nachambua mwiba mmojammoja kwa vidole, halafu narudia tena kwa kupapasa, maana ukibaki hata mmoja umeharibu kila kitu. Naponda na viazi, kitunguu na kotmiri, nafunga katlesi. Anakula tatu, akiamini ni za viazi vitupu. Yai nalivurugia kwenye mchuzi. Kwenye nazi ndiyo tumepigana: daktari kataka tui lipungue, na chumvi. Mwambie mtu wa Tanga mchicha bila tui! Mama alionja akauliza humu ndani kafiwa nani.

Wala usidhani nimekuwa mhubiri wa chakula. Kule Chicago walitunga mpango wa chakula cha ubongo, majani, samaki, maharage, karanga, ukasifiwa sana 2015. Walipoujaribu kwa watu miaka mitatu, majibu ya 2023 yakaonyesha hawakuwapita wenzao waliopunguza tu kiasi cha chakula. Wafini ndio walioniingia akilini. Wao walichukua wazee 1,260, nusu yao wakawawekea vyote pamoja, chakula, mazoezi, michezo ya akili na kufuatilia presha, na baada ya miaka miwili hao wakafanya vizuri kuliko wenzao. Si sana, lakini vizuri. Ndiyo maana jioni namtembeza mpaka kwa Mwajuma na kurudi, akilalamika njia nzima.

Kama unataka kumsaidia Mama, mpigie Ijumaa baada ya alasiri. Tafadhali usimwulize "unanijua mimi nani?" Kila anayekuja anamfanyia mtihani huo, akishindwa analia chumbani. Sema tu, mimi Zuhura wa Bi Tatu, halafu msimulie ile safari ya treni ya Moshi. Hiyo anayo yote, mpaka rangi ya kanga ya mama yako.

Na mama yako mwenyewe? Si naye yuko kwenye metformin siku nyingi? Ameshapimwa B12 hata mara moja? Miguu yake vipi? Na bado anakula ugali na mlenda tu kwa ajili ya mfungo wake wa nyama? Halafu hizo chupa, niambie ukweli, ulizichukua kwa hela yako au kwa mkopo wa kikundi? Wanakubali zikirudishwa? Baba Salma anajua?

Mzigo uulizie ofisi ileile Alhamisi asubuhi, nimeandika jina lako kamili na namba yako ya zamani, ile ya sasa haipatikani.

Wako,
Mwanaidi