Troponini ina mwenyewe

Mhariri,

Troponini, protini ya misuli inayovuja kwenye damu moyo unapoumia, hupimwa kila siku kwa wenye maumivu ya kifua, ila Setsuro Ebashi wa Chuo Kikuu cha Tokyo hatajwi. Ndiye aliyeonyesha kuwa msuli hujikaza kwa kalsiamu, wenzake wengi wakiwa hawaamini, na mwaka 1965 akaitambua troponini inayoipokea. Kabla ya hapo, 1959, alihusisha kupanda kwa kreatini kinasi (kimeng'enya cha misuli) katika damu na ugonjwa wa kudhoofika misuli.

Troponini ina vipande vitatu: C hushika kalsiamu, I huzuia msuli usijikaze, T huvishikiza vyote kwenye uzi wa msuli. I na T za moyo hazifanani na za misuli ya mifupa, ndiyo maana zinapimwa hizo. Kreatini kinasi (maskini!), iliyotumika zamani kupima moyo, hupandishwa hata na sindano ya tako au mbio ndefu.

Kosa la kawaida ni kupima mara moja, saa moja tu tangu maumivu yaanze, kisha mgonjwa akaruhusiwa. Kwa vipimo vya kawaida troponini huonekana baada ya saa 3 au 4, kwa hiyo irudiwe baada ya saa 6. Ikiwa juu lakini haipandi wala haishuki, pimeni na figo, kwani ugonjwa wa figo nao huweza kuipandisha.

Mtaalamu wa maabara,
Morogoro