Shukrani kwa mama wa stendi ya Moshi

Sisi wachezaji wa gofu ya kulipwa wa kanda ya kaskazini tunakushukuru kwa dhati, mama uliyeiokota bahasha yetu ya kaki chini ya kiti cha Kosta, ukaifuta tope kwa upindo wa kitenge chako, kisha ukaileta kwa miguu hadi getini mwa klabu bila kutaja jina wala kukubali kurudishiwa hata nauli.

Ndani ya bahasha ile mlikuwa na kadi za alama za mashimo 18 ya raundi ya kwanza ya shindano letu la kufunga mwaka, kila moja ikiwa na sahihi ya mchezaji na ya mwenzake aliyemhesabia mikwaju, kama kanuni za gofu zinavyotaka. Katibu wetu, aliyeisahau garini, sasa haiachi hata akienda kunywa chai. Kwa kadi hizo tulipanga zamu za raundi ya pili Arusha, tukagawa zawadi na kuwalipa makedi, wale wanaotubebea mifuko ya fimbo za gofu, kabla ya Krismasi.

Mfuko wa mchele na kofia ya chama tumekuwekea kwa mlinzi yule yule wa getini. Tafadhali pita uvichukue.