Karatasi mbili za maabara, na mke wangu hajui

Daktari, habari za kazi. Mimi ni mwanaume wa miaka 43, nauza vipuri vya malori hapa Mbeya. Nina mke na mtoto mmoja wa kike, yuko darasa la tatu. Nakuandikia nikiwa na karatasi mbili za maabara juu ya kaunta. Moja imeandikwa L, yaani chini, nyingine H, yaani juu, na zote mbili ni damu yangu.

Nianzie mbali kidogo. Nikiwa kidato cha pili niliugua matubwitubwi. Bibi akanipaka masizi mashavuni, uvimbe ukapungua, lakini baada ya siku chache ugonjwa ukateremkia kwenye korodani. Wiki nzima nililala nimetanua miguu, naona aibu hata kumwambia mjomba. Ulipoisha, moja ilibaki ndogo kama kunde na nyingine haikurudi vizuri kama zamani. Nikakua, nikaoa, mtoto akaja, nikasahau.

Nilipofika 41 mwili ukaanza kunitoroka. Ndevu nilizokuwa nanyoa kila siku ya pili zikawa zinangoja wiki mbili. Nasinzia dukani saa nne asubuhi. Mambo ya chumbani niyaache, umeshaelewa. Nikapimwa homoni hapa Mbeya asubuhi mapema, siku mbili tofauti, na zote testosteroni, homoni ya kiume, ikawa chini. Ile nyingine inayoitwa LH, ambayo ubongo unaitumia kuziamrisha korodani, ilikuwa 14.8 wakati mwisho wake ni 8.6. Nikaelezwa kwamba ubongo unazipigia kelele korodani nazo hazisikii. Nikaanzishiwa sindano ya testosteroni enanteti, miligramu 250 kila baada ya wiki tatu, inachomwa takoni. Sasa ni mwezi wa 14.

Sindano inafanya kazi, siwezi kudanganya. Wiki ya kwanza nanyanyua difu ya Scania na kijana mmoja tu. Ila wiki ya tatu ni mtu mwingine kabisa: nagombana na wateja kwa shilingi elfu mbili, na jioni nalala na viatu.

Mwezi uliopita nilipima hapa Mbeya, testosteroni ikaja 7.1, alama L. Karatasi inasema kawaida ni 8.64 hadi 29.0. Tabibu akasema dozi haitoshi, tuchome kila baada ya wiki mbili. Kabla sijaanza utaratibu huo mpya nikachoma ile ya kawaida, na siku ya pili yake nikapanda basi la usiku kufuata mzigo Kariakoo. Nilipofika Dar nikaona nipime na huko, nipate maoni ya pili. Ikaja 11.9, alama H. Kawaida yao ni 2.49 hadi 8.36. Daktari wa huko akasema homoni imezidi sana, nisimamishe.

Sasa hebu niambie, mtu asiye na elimu ya tiba afanyeje? Hawa wanasema 7.1 ni kidogo, wale wanasema 11.9 ni nyingi kupita kiasi. Kwa hesabu yangu ya dukani, nafasi ya kuwa mzima ilikuwa nyembamba kama bati. Na nikipata 8.5? Mbeya ni mgonjwa wa upungufu, Dar ni mgonjwa wa kuzidi!

Aliyenifumbua macho ni kijana wa dada yangu, yuko kidato cha sita, anasoma PCB. Alitazama karatasi dakika moja akacheka. “Mjomba, hivi vipimo vina mizani mbili. Huku ni nanomoli kwa lita, huku ni nanogramu kwa mililita. Zidisha ya Dar kwa 3.47.” Nikazidisha 2.49, nikapata 8.64. Nikazidisha 8.36, nikapata 29. Kumbe ni kipimo kilekile! Na ile 11.9 ya Dar ikawa 41. Kwa hiyo nilitoka 7 nikafika 41 ndani ya siku chache, mimi nikidhani nimepanda kidogo tu.

Nilipohesabu tarehe nikaelewa zaidi. Damu ya Mbeya ilitolewa siku moja kabla ya sindano, dawa ikiwa imekaribia kuisha mwilini. Ya Dar ilitolewa siku ya tatu baada ya kuchomwa, dawa ikiwa kileleni. Wote wawili walisoma namba, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza, “Ulichomwa lini?” Siwasemi vibaya, foleni nilizoziona mwenyewe. Lakini mmoja alikuwa anataka kuniongezea na mwingine kuniachisha, kwa sindano ileile.

Lipo pia suala la damu nzito. Hematokriti, yaani asilimia ya seli nyekundu kwenye damu, ilikuwa 47 kabla sijaanza dawa. Hapa Mbeya juzi ilikuwa 52, Dar ikawa 54.6, na daktari akanitisha habari ya kuganda kwa damu na kiharusi. Alisema ikipita 54 sindano inasimama hadi ishuke. Namheshimu, ila sikumwambia jambo moja: nilikuwa nimetoka kwenye basi, na mimi nikisafiri sinywi maji kabisa, sitaki kumsumbua dereva kila saa asimame nichimbe dawa. Karibu kilomita 830 bila tone, halafu moja kwa moja maabara. Isitoshe, sisi tunaishi zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na nimesikia damu ya watu wa nyanda za juu huwa nzito kidogo kwa asili. Je, hiyo 54.6 ni ya kweli au ni ya basi? Nirudie nikiwa nimekunywa maji na kupumzika? Rafiki yangu anasema nikachangie damu salama itashuka yenyewe. Mke wangu naye anasema nakoroma mno siku hizi, sijui kama kunahusiana. Kipimo cha tezi dume kilikuwa 0.9, hicho wote walikubaliana ni kizuri.

Nilipoanza kuandika nilidhani shida yangu ni hizo namba. Lakini kwenye karatasi ya Dar kuna mstari mwingine: LH, chini ya 0.1, alama L. Ile iliyokuwa 14.8! Nikadhani nina ugonjwa mpya kichwani. Daktari akaniambia hapana, ndivyo inavyokuwa kwa mtu wa sindano: ubongo ukiona homoni imejaa kutoka nje unanyamaza, na korodani zikikosa amri zinalala, hazitengenezi mbegu. Aliongea huku anaandika, kama mtu anayetaja bei.

Daktari, mke wangu ana miaka 34 na anatafuta mtoto wa pili kwa mwaka mzima sasa. Ameshapigwa picha ya kizazi, kiko safi. Shangazi yake amemletea mizizi, anachemsha kila alfajiri, anakunywa huku amefumba macho kwa uchungu wake. Mimi nasimama mlangoni namtazama. Yeye anajua nachomwa sindano za mgongo, kwa sababu ndivyo nilivyomwambia.

Nisaidie haya. Damu nipime siku ipi, katikati ya sindano mbili au mwisho? Je, dozi inaweza kugawanywa, nichome kidogo kidogo kwa karibu, nisipande hivi na kushuka hivi? Nikiacha, mbegu zinaweza kurudi kwa mtu mwenye korodani zilizopigwa na matubwitubwi, na ni miezi mingapi? Hakuna aliyepima mbegu zangu kabla ya kuanza, kwa hiyo sijui hata nilikuwa na nini cha kupoteza. Ipo dawa nyingine ya kuniweka sawa bila kufunga mlango huo? Na mke nimwambie kwa maneno gani?

Sindano inayofuata ni Alhamisi ya wiki ijayo, kichupa kiko kwenye droo ya risiti. Jumatatu kabla ya hapo yeye amepangiwa kipimo cha mirija. Wanasema kinauma.

Muuza Vipuri,
Mbeya