Barua ya wazi kwa vijana wa kusini mnaoandaa kumbukumbu ya vita vya Msumbiji

Wanangu na wajukuu zangu wa Newala, Masasi, Nachingwea na Mtwara,

Salaam nyingi. Mmeniletea rasimu ya maonyesho yenu mkaniomba niseme neno. Nimeisoma yote, na kazi mmeifanya. Ila mniwie radhi nikiwaambia kwamba vita mlivyovichora vina kichwa na miguu tu, kiwiliwili hakipo. Mmeanza na tarehe 25 Septemba 1964, Alberto Chipande na wenzake wa FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, wakishambulia kituo cha Wareno, watawala wa wakati ule, katika kijiji cha Chai, jimbo la Cabo Delgado. Kisha mmeruka hadi tarehe 25 Aprili 1974, wanajeshi wa Ureno walipoiangusha serikali yao wenyewe kule Lisbon. Katikati mmebandika picha ya Samora Machel, kamanda wa FRELIMO aliyekuja kuwa rais wa Msumbiji, anacheka. Miaka kumi ya watu, picha moja!

Msomaji wa maonyesho hayo ataondoka akidhani vita vilianza kwa bunduki Chai na vikaisha kwa hisani ya Mreno. Vita vile vilipinda mara kadhaa, na mahali vilipopinda vibaya zaidi ndipo ninapotaka mpatazame.

La mapema ni dogo lakini lina maana. Mwaka 1964 FRELIMO walijaribu kupigana katika majimbo kadhaa kwa mpigo. Haukupita muda mrefu, Zambezia na Tete zikanyamaza, zikabaki Cabo Delgado na Niassa. Kwa nini hizo? Tazameni ramani. Majimbo hayo yamepakana nasi. Mpiganaji wa majimbo hayo nyuma yake alikuwa na mto Ruvuma, na ng'ambo ya Ruvuma, huku kwetu, kambi, hospitali na chakula. Mwenzake wa Zambezia na Tete nyuma yake alikuwa na Malawi ya Rais Banda, aliyekuwa akielewana na Wareno. Tete ilifunguka tena mwaka 1968, njia ilipopatikana kupitia Zambia.

Sasa nije kwenye huo mwaka 1968, ambao kwangu unastahili ukuta mzima. Adui alikuwa yuleyule, ila nyumba iliwaka moto kutoka ndani. Dar es Salaam wanafunzi wa shule ya FRELIMO waligoma, shule ikafungwa, na ofisi ya chama ikavamiwa hadi mtu akauawa. Na huku kwetu, mzozo mkubwa ulikuwa wa Lázaro Nkavandame, kiongozi wa Cabo Delgado, mtu aliyeheshimika sana kwa Wamakonde. Maeneo yaliyokombolewa yalikuwa chini yake, na biashara yake pia: korosho na mazao yalivuka Ruvuma kuja huku, nguo na chumvi zikarudi kule. Wanakijiji wakalalamika kwamba bei za wenyeviti wao, watu wa Nkavandame, hazina tofauti na za duka la Mreno. Swali likawa hilo: tunamwaga damu ili aondoke mzungu tu, au ili uondoke unyonyaji wenyewe? Na je, hii ni vita ya Wamakonde au ya Msumbiji nzima?

Julai 1968 mkutano mkuu wa pili wa FRELIMO ulifanyika Matchedje, Niassa, ndani ya Msumbiji, ndege za Wareno zikiranda angani. Nkavandame hakwenda. Eduardo Mondlane alichaguliwa tena kuwa rais wa chama. Desemba, kamanda wa FRELIMO Paulo Kankhomba akauawa upande wetu wa mpaka, na lawama zikaangukia watu wa Nkavandame. Tarehe 3 Februari 1969 Mondlane alifungua kifurushi cha kitabu Dar es Salaam, bomu likamuua. Mwaka huohuo Nkavandame akavuka kwenda kwa Wareno.

Najua kwa nini hamkuyaandika haya. Wapo ndugu wa upande huu na upande ule, na wengine tunaswali nao msikiti mmoja. Mnaogopa kuchokonoa. Lakini mkiyafuta, mtashindwa kueleza kwa nini chama kilichotoka upande wa pili kilikuwa kigumu kuliko kilichoingia. Wala msikwepe gharama ya ugumu huo: Uria Simango, aliyekuwa makamu wa Mondlane, alifukuzwa, na baada ya uhuru yeye na Nkavandame waliuawa bila kufikishwa mbele ya mahakama ya haki. Andikeni na hilo.

Ugumu ule ulipimwa mwaka 1970. Jenerali wa Wareno, Kaúlza de Arriaga, alileta ndege, mizinga na maelfu ya askari kwenye nyanda za Mueda, Cabo Delgado, na operesheni yake akaiita Fundo la Gordian. Kambi kubwa zikatekwa. Wapiganaji hawakung'ang'ania kambi. Walitawanyika kwa vikundi, na uzito wa vita wakausogeza Tete, kusini ya mto Zambezi, hadi Manica na Sofala. Jenerali alikamata mahema, vita vikamponyoka. Hasira ya Wareno ikawashukia raia: Wiriyamu, huko Tete, Desemba 1972, vijiji viliangamizwa, na dunia ikajua mwaka uliofuata padri Adrian Hastings alipoyatoa gazetini London.

Kwa hiyo askari wa Lisbon mwaka 1974 hawakuamka asubuhi wakawa wema. Walichoshwa na vita vya Msumbiji, Angola na Guinea-Bissau. Na hata baada ya hapo FRELIMO hawakusimamisha mapigano hadi walipohakikishiwa uhuru kamili. Agosti mosi kituo cha Omar, karibu na Ruvuma, kilizungukwa na askari wake wakasalimu amri, wakaletwa huku kama mateka. Septemba 7 mkataba ukatiwa saini Lusaka.

Jambo jingine. Ondoeni ile sentensi isemayo Tanzania iliikomboa Msumbiji. Ni majivuno. Tulikuwa mgongo wao wa kuegemea, na mgongo huo uliumia: mabomu yalidondoka vijijini kwetu, na mabomu ya kutegwa yalikata watu miguu njiani kwenda shamba. Hayo yasemeni bila kuona haya. Lakini risasi na mizigo vichwani vilikuwa vyao, na wengi wa wabebaji walikuwa wanawake, waliotembea siku nyingi na masanduku ya silaha. Katika rasimu yenu mwanamke ni mmoja tu, Josina Machel, mpiganaji na mke wa Samora.

Hao wabebaji wengine bado mnaweza kuwapata, ingawa wachache. Nendeni kabla ya mvua, maana barabara mnaijua. Mchukueni anayejua Kimakonde vizuri, tena cha ng'ambo ya Ruvuma. Msiwaulize mashujaa ni kina nani, mtajibiwa majina ya viongozi. Waulizeni walikula nini 1968, chumvi ilikuwa bei gani, na nani aliiuza. Mkirekodi, ombeni ruhusa kwanza, na nakala ya sauti iachwe kwa familia.

Rasimu mpya nileteeni, mtanikuta nyumbani.

Babu yenu,
Newala