Unene: nisikilizeni na mimi fundi cherehani

Ndugu Mhariri,

Kuna msomaji mwenzangu aliyeandika katika ukurasa huu kwamba watu wanene ni walafi na wavivu, basi, hakuna cha kujadili. Mimi si daktari. Ni fundi cherehani, na kwa miaka 27 nimekuwa nikizungusha futi kamba viunoni mwa watu. Naomba nami nafasi.

Madaftari ya vipimo ninayo yote tangu nilipoanza kazi. Yupo mama mmoja ninayemshonea yeye na binti zake watatu. Wawili amewazaa, wa tatu alimchukua kumlea akiwa mchanga. Wamekula chungu kimoja, wakapakuliwa kwa mkono mmoja. Wale wa kuzaa wamefuata mwili wa mama yao, na kila wakija lazima nifumue mshono niongeze nafasi. Huyu wa kulea ni mwembamba mpaka leo, na kwa maneno ya mama mwenyewe, ndiye anayemaliza sahani kabla ya wenzake.

Nilidhani ni kioja cha nyumba moja. Kumbe mwaka 1986 watafiti walichapisha matokeo ya watu wazima 540 wa Denmark waliolelewa na wazazi wasiowazaa: miili yao ilifuata wazazi waliowazaa, si waliowalisha. Mwaka 1990 Claude Bouchard na wenzake wa Kanada wakaeleza walivyowalisha vijana, jozi 12 za mapacha wa kufanana, kalori 1,000 za ziada kwa siku, siku sita kwa wiki, kwa siku 100. Kuna aliyeongezeka kilo 4 na kitu, kuna aliyefika 13. Lakini mtu na pacha wake walikaribiana. Ziada ilikuwa ile ile kwa wote! Mwenzangu atuambie mlafi hapo ni yupi.

Hata hivyo sitasema kila kitu ni cha kuzaliwa nacho, maana madaftari yale yale yatanisuta. Watoto wa wateja wangu wa kwanza sasa wana umri waliokuwa nao wazazi wao, na nguo zao zinakula kitambaa zaidi. Vinasaba havibadiliki kwa kizazi kimoja. Chakula ndicho kilichobadilika. Mwaka 2019 Kevin Hall wa Marekani alitoa matokeo ya watu wazima 20 aliowaweka kituoni kwake: wiki mbili wanakula vyakula vilivyosindikwa sana kiwandani, wiki mbili vyakula visivyosindikwa. Milo ililinganishwa kwa kalori, sukari, mafuta na nyuzinyuzi, na kila mtu aliambiwa ale atakavyo. Kwenye vile vya kiwandani walikula karibu kalori 500 zaidi kila siku na kuongezeka karibu kilo moja. Kwenye vile vingine wakapungua kiasi hicho hicho. Watu wale wale, Mhariri. Uvivu uliwaingia lini na kuwatoka lini?

Kwa hiyo wanaobishana kama ni damu au ni chakula, mimi naona wanavutana kitambaa kimoja. Chakula hiki kimetufikia wote, na damu ndiyo inayoamua nani kitamganda.

Na mimi kimeniganda. Kiuno changu kimetoka inchi 33 hadi 39. Mimi nalaumu kiti cha cherehani, mke wangu analaumu soda. Niliacha soda miezi minne, nikapungua, kisha ikaja njaa ya kuamka usiku, ambayo nilipokuwa mnene sikuijua. Baadaye nikasoma kuhusu leptini, homoni iliyogunduliwa mwaka 1994 na maabara ya Jeffrey Friedman. Hutoka kwenye mafuta ya mwili kuuarifu ubongo kwamba akiba ipo. Mafuta yakipungua, nayo hushuka, na ubongo huamsha njaa. Ulipofika msimu wa kushona sare nilishindwa, nikarudia soda.

Wateja wanene huvuta tumbo ndani ninapowapima. Wengine huninong'oneza nisitaje namba kwa sauti, wanafunzi wangu wasisikie. Siku hizi nasoma kimya na kuandika mwenyewe.

Mwandishi wa ile barua naye akipenda aje. Nitampima bure, na sitamuuliza amekula nini.

Wako,
Fundi cherehani