Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Kumbukumbu: Nifungulie Stoo Nitafute Sauti ya Mwafrika

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Nakusalimu kwa heshima inayostahili cheo chako. Barua nilizokuandikia kwa njia ya ofisi zilipigwa muhuri wa kupokelewa, na hadi leo hakuna hata moja iliyojibiwa. Hii naiandika mbele ya watu wote, ili asitokee mtu wa kusema kwamba haikukufikia.

Wiki iliyopita, sokoni Bondeni hapa Nakuru, mama mmoja alinipimia omena na kunifungia kwa karatasi ya gazeti kuukuu. Nilipoifungua nyumbani nikaona jina la gazeti, Sauti ya Mwafrika, na pembeni, kwa wino wa buluu, herufi mbili za jina la marehemu baba yangu. Alikuwa na desturi ya kutia alama hiyo kwenye kila nakala kabla ya kuwaazima wenzake, kwa sababu nakala moja ilizunguka nyumba zote za wafanyakazi wa reli na alihofia isirudi. Nilirudi sokoni mbio. Mama yule alinieleza bila kuficha kwamba karatasi hizo alizinunua kwa kilo kutoka kwa kijana wa mkokoteni, naye kijana alizitoa nyuma ya stoo ya ofisi yako. Mama huyo simlaumu, wala kijana simlaumu, maana wote wawili wanatafuta riziki. Nakuuliza wewe, Mheshimiwa, uliyeyapokea magunia ya magazeti ya baba kutoka kwa familia yetu kwa mikono miwili huku ukipigwa picha.

Pengine aliyesafisha stoo aliona karatasi za njano tu. Basi na aelezwe alichokitupa. Sauti ya Mwafrika lilikuwa gazeti la Kiswahili lililotolewa na Pan African Press, kampuni aliyoianzisha Pio Gama Pinto kwa msaada wa Jawaharlal Nehru, Waziri Mkuu wa India, na ambayo ilitoa pia Pan Africa na Nyanza Times. Pinto alizaliwa Nairobi mwaka 1927, wazazi wake wakiwa na asili ya Goa. Wakoloni walimkamata mwaka 1954, wakamweka kizuizini katika kisiwa cha Manda, kisha wakamzuia Kabarnet, si mbali sana na hapa tulipo, mpaka mwaka 1959. Alipotoka aliingia moja kwa moja katika kazi ya KANU, chama kilichokuja kutawala baada ya uhuru, na ya magazeti, akiamini kwamba uhuru usiogusa ardhi na mali ungewaacha maskini pale pale walipokuwa. Baba, fundi wa karakana ya reli aliyesoma mpaka darasa la nne, hakuhitaji mtu wa kumfasiria siasa hiyo. Jumapili alikaa kwenye benchi nje ya nyumba na kusoma kwa sauti, na waliokuwa hawajui kusoma walimsimamisha na kumtaka arudie palipohusu mishahara na mashamba ya walowezi.

Wapo watakaosema hilo lilikuwa gazeti la chama, tena la upande mmoja ndani ya chama. Ni kweli, na thamani yake iko hapo hapo. Tarehe 24 Februari 1965 Pinto aliuawa kwa risasi nje ya nyumba yake Nairobi, akiwa na umri wa miaka 37 tu. Miezi michache baadaye Serikali ikatoa Waraka wa Bunge Namba 10 kuhusu ujamaa wa Kiafrika, na huo unapatikana hadi leo, kila mwanafunzi wa chuo kikuu anaweza kuusoma. Lakini ujamaa ule mwingine, ule waliouhubiri akina Pinto, Bildad Kaggia na Oginga Odinga, tena kwa Kiswahili cha mfanyakazi, mwanafunzi huyo atausoma wapi ikiwa kurasa zake zinafungia samaki? Ataishia kuwasoma kwa maneno ya wapinzani wao.

Na mji huu wetu una sehemu yake katika habari hiyo. Achieng' Oneko, aliyekuwa mhariri wa Ramogi, gazeti la Kijaluo, kabla ya kushtakiwa Kapenguria pamoja na Jomo Kenyatta, ndiye aliyechaguliwa mbunge wa Nakuru mjini mwaka 1963 na kuwa waziri wa habari. Mwaka 1966 alipomfuata Odinga katika KPU, chama kipya cha upinzani, alilazimika kurudi kwa wapiga kura, naye akashindwa. Baba aliipigia kura nembo ya dume, nembo ya KPU, na hakuwahi kuficha jambo hilo nyumbani, ingawa nje alijifunza kunyamaza. Oktoba 1969 risasi zilifyatuliwa Kisumu siku ya kufunguliwa kwa hospitali ambayo mpaka leo watu wanaiita Russia, na siku chache baadaye KPU ikapigwa marufuku, viongozi wake wakawekwa kizuizini. Hapo majirani zetu wengi walichoma karatasi zao usiku.

Baba hakuchoma. Aliyakunja magazeti mara moja tu, ili mikunjo isiyakate, akayapanga ndani ya magunia ya katani na kutia majani makavu ya mwarobaini kati ya tabaka na tabaka, kisha akayalaza juu ya boriti za jikoni, mahali ambapo moshi hauwapi mchwa nafasi. Mwaka 1982, lilipotokea gazeti la siri la Pambana na wasomi wakaanza kukamatwa, mama alimsihi ayateketeze. Alimsihi tena mwaka 1986 wakati wa msako wa Mwakenya, kundi la siri lililoipinga Serikali, tulipokuwa tukisikia kwamba watu wanafungwa kwa kupatikana na karatasi za uchochezi. Alikataa. Mpaka sheria ya uchochezi ilipofutwa mwaka 1997, ndipo alipoyashusha magunia mchana kweupe na kuyaanika barazani. Serikali zote hizo na hofu zote hizo hazikuyaangamiza magazeti yale, Mheshimiwa. Yameangamia katika ofisi iliyoundwa kuyatunza.

Wewe mwenyewe, siku ya makabidhiano, ulituahidi mbele ya wazee wa mtaa kwamba kila ukurasa utapigwa picha, kwamba yatawekwa katika masanduku yasiyopitisha unyevu, na kwamba kutakuwa na meza ya wanafunzi kusomea. Tulikupigia makofi. Kaka yangu aliyeko Kisumu alitaka tumuuzie mgeni mmoja aliyekuwa tayari kulipa pesa nzuri, nami nikakataa kwa sababu niliamini urithi huu ni wa watu wa hapa. Tangu nimpigie simu kumweleza habari ya omena, kaka huyo hapokei simu zangu, na dada zangu wananiuliza swali ambalo wewe ndiwe unayepaswa kulijibu.

Nimesikia mengi. Wengine wanasema bomba lilipasuka na stoo ikajaa maji, wengine wanasema chumba kilihitajiwa kwa viti vya sherehe. Mimi nahisi hakuna aliyewahi kuandika orodha ya vilivyomo, na kitu kisicho kwenye orodha huuzwa bila mtu kuulizwa. Lipo pia wazo linaloninyima usingizi, kwamba bado yuko mtu mahali fulani anayeliona jina la KPU kuwa jina la kufichwa. Sitaki kuliamini, lakini ukimya wako hautusaidii kuliondoa.

Ibara ya 35 ya Katiba inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inakupa siku 21 za kunijibu. Ombi langu lina muhuri wenu wenye tarehe, na siku hizo zimepita kitambo. Nawe unajua kuliko mimi kwamba karatasi ya gazeti ina asidi, hugeuka njano na kukatika hata inapotunzwa, sembuse ikilazwa kwenye sakafu yenye maji.

Nilikusudia kudai orodha, uchunguzi, fidia, na maelezo kwa familia. Hayo yote bado nayadai, ila yanaweza kungoja, na karatasi haziwezi. Nifungulie stoo. Niruhusu niingie nitafute kilichobaki, hata kama ni gunia moja, hata kama ni nusu gunia, kabla mkokoteni haujarudi. Sihitaji posho wala msaidizi. Nifungulie tu.

Jumatatu saa mbili asubuhi nitakuwa mlangoni pa ofisi yako, na kitambulisho changu na hati ya makabidhiano yenye sahihi yako. Naomba mwenye ufunguo awepo.

Wako kwa heshima,
Mwana wa fundi wa reli,
Bondeni, Nakuru