Alama za kozi ya saikolojia

Jamani, habari za jioni. Mmeniuliza sana alama zinakwendaje: majaribio ya kila wiki 40, insha 20, mtihani wa mwisho 40. Msiyadharau majaribio. Ebbinghaus, mwanasaikolojia Mjerumani, alijipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, na mwaka 1885 akaonyesha kwamba tunasahau upesi zaidi mwanzoni. Kurudia kidogo kidogo ndiko kunakonasisha. Kwa hiyo kubukua usiku mmoja, au kwenye foleni ya feri Likoni, hapana. (Nawajua!)

Insha andika mwenyewe. Juzi nilipokea mbili zilizofanana mpaka kosa: zote “Pavlof” badala ya Pavlov, yule mtafiti wa mbwa. Zote sifuri.

Mwisho wa kuleta kazi ni Jumapili 23:59, yaani saa sita usiku kasoro dakika moja. Stima ikipotea, nitumieni ujumbe kabla, si Jumatatu.